Kabla Hujaisugua Sarafu ya Bibi

 

Safari hii kwenye kona yetu ya barua tunawapumzisha waume na michezo ya upatu. Barua iliyonishika imetoka Mkula, wilayani Busega, mkoani Simiyu. Jina la mwandishi nalihifadhi, kama ilivyo desturi ya kona hii. Anasema:

"Shikamoo Dada. Bibi mzaa baba alitutoka mwaka jana. Tulipogawana vyombo vyake, mimi niliangukiwa na kopo la Kimbo lililojaa sarafu za zamani. Nyingine zina tundu katikati, nyingine zimelika mpaka hazisomeki. Kaka yangu anasema za Mjerumani zenye herufi fulani zinauzwa mamilioni, sasa anataka tugawane upya. Na kuna mtu Lamadi ameniambia nizisugue kwanza kwa limau na majivu ndipo aje azione. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu, na poleni kwa msiba. Limau kamulia sato. Majivu mwaga shambani. Sarafu usiiguse nayo, wala stilwaya, wala dawa ya meno, wala mchanga. Ule weusi uliokaa juu ya shaba kwa miaka themanini au zaidi umeyashikilia mabaki ya herufi unazozitafuta. Ukiung'oa, unang'oa na herufi. Mnunuzi anayejua kazi yake ataona mikwaruzo mara tu akiigeuza kwenye mwanga, ataiweka mezani na kuaga. Huyo wa Lamadi ama haijui biashara hii, ama anaijua vizuri mno na anataka bei ishuke kabla hajafika.

Zikiwa na matope, ziloweke kwenye maji safi yenye sabuni kidogo, zisuuze, kisha zikandamize kwa kitambaa laini bila kufikicha. Inatosha.

Na suala la kaka tulimalize mapema, maana najua ndilo linalokunyima usingizi. Chukua daftari. Mbele ya shangazi au mjomba mnayemheshimu wote wawili, andikeni kila sarafu: rangi, tundu, mwaka kama unasomeka, na yale yasiyosomeka yaandikwe kuwa hayasomeki. Wekeni sahihi. Kama kopo lilikuwa fungu lako, litabaki kuwa fungu lako, lakini orodha ikiwepo hakuna atakayekuja mwakani kudai kwamba humo mlikuwa na dhahabu. Nimesoma barua nyingi za ndugu waliogombania kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekihesabu.

Sasa tufungue kopo.

Sarafu za bibi zilifika Mkula kwa sababu. Kodi ya nyumba ya Mjerumani ilianza mwaka 1898, na kodi hiyo ndiyo iliyowalazimisha watu wetu kutafuta rupia hata pale ambapo ng'ombe na mtama vilitosha kwa kila kitu kingine. Baadaye, chini ya Mwingereza, ikaja pamba. Wakulima wa Usukuma walipojikusanya katika ushirika, na mwaka 1955 Paul Bomani na wenzake wakaunda Victoria Federation of Co-operative Unions, kila msimu wa kuuza ulizimwaga shilingi na senti vijijini. Kwa hiyo kopo la mwanamke aliyezeeka Busega linaweza kuwa na tawala tatu ndani yake: Mjerumani, Mwingereza na Jamhuri. Ndiyo maana nasema tenga kwanza, herufi baadaye.

Zitoe zenye sura ya Mwalimu Nyerere. Hizo zilianza 1966, Benki Kuu yetu ilipofunguliwa: ya senti 5 ina samaki, senti 20 mbuni, senti 50 sungura, shilingi moja mwenge. Usizitafutie herufi ya kiwanda, hazina. Wape watoto wajifunzie kuhesabu, au zihifadhi kwa kumbukumbu.

Zilizobaki zigawe kwa rangi na tundu. Zenye tundu na rangi ya kahawia, zenye pembe za ndovu zilizojikunja kulizunguka tundu, ni za Mwingereza: senti 1, senti 5 na senti 10. Zenye tundu lakini nyeupe kama bati huenda ni za Mjerumani, za heller 5 au heller 10 (heller ni sehemu ya mia ya rupia). Hakikisha kwa maandishi: EAST AFRICA kwa huyu, DEUTSCH OSTAFRIKA kwa yule. Hata maandishi yakilika, kwa kawaida zinabaki herufi mbili au tatu, na hizo zinatosha kukuambia ni lugha ipi. Nyeupe isiyo na tundu yenye simba na milima nyuma yake ni shilingi ya Mwingereza, au nusu yake. Nyeupe nzito yenye mwanamume aliyevaa kofia ya chuma yenye tai juu ni rupia, na mwanamume huyo ni Kaiser Wilhelm wa Pili. Vidogo vya shaba visivyo na tundu, vyenye taji upande mmoja na shada la majani upande wa pili, ni heller 1 na nusu heller.

Baada ya hapo ndipo tuongee habari ya herufi.

Viwanda vya sarafu vya Ulaya vilikuwa na desturi ya kutia alama ndogo kwenye kazi yao, ili sarafu ikionekana pungufu kwa uzito au kwa madini ijulikane imetoka kwa nani. Ujerumani ilitumia herufi moja kwa kila kiwanda. Zilizokuja kwetu zina A, yaani Berlin, au J, yaani Hamburg. Zile za mwanzo, rupia na pesa za kampuni ya Kijerumani zilizoanza 1890, hazina herufi hata moja, kwa hiyo ukikuta pesa ya shaba yenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili usiipekue. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliichukua kazi ya sarafu, rupia ikagawanywa kwa heller 100 badala ya pesa 64, na tangu hapo kila sarafu iliyotoka Ujerumani kuja kwetu ina A au J.

Mwingereza alikuwa na mtindo mwingine. Sarafu zilizotengenezwa Royal Mint, London, hazikutiwa herufi. Kazi ilipoizidi London, ilipelekwa Birmingham: kwa Heaton, akatia H, au kwa King's Norton, akatia KN. Vita vya Pili vya Dunia vilipofanya meli za kutoka Uingereza kuwa za mashaka, nyingine zilitengenezwa Pretoria, Afrika Kusini, zikatiwa SA, na nyingine Bombay, India, zikatiwa I.

Tofauti hii ndogo ndiyo inayowapoteza wengi. Kwenye sarafu ya Mjerumani ya 1904 au baada yake, usipoona herufi maana yake imelika, kwa sababu tunajua ilikuwepo. Kwenye sarafu ya Mwingereza, usipoona herufi hujajua kitu bado. Huenda ni ya London, huenda ni ya Birmingham na H yake imefutika mifukoni mwa watu. Nimeona watu wanaandika kwa ujasiri "ya London, haina herufi" juu ya senti 10 ambayo hata mwaka wake unasomwa kwa kubahatisha. Huwezi kuthibitisha kukosekana kwa kitu mahali palipofutika. Sheria ninayoifuata ni hii: iite ya London tu ikiwa eneo la kuuzunguka mwaka bado ni kali, tarakimu zimesimama, na ngozi ya chuma hapo haijalainika. Kama mwaka wenyewe umelegea, andika kwenye daftari "kiwanda hakijulikani" na uendelee na nyingine. Hakuna aibu.

Kwa hiyo anza na mwaka. Mwaka una tarakimu nne, ni mkubwa kuliko herufi, nao mara nyingi hudumu zaidi. Na mwaka unapunguza kazi kwa namna ambayo lenzi haiwezi. Chukua heller 1. Mwaka 1904, 1905 na 1906 zilitengenezwa Berlin na Hamburg pia, kwa hiyo hapo ni lazima uitafute herufi. Lakini kuanzia 1907 mpaka 1912 ni Hamburg peke yake. Ukisoma 1909 na herufi haionekani kabisa, andika J ulale. Mwaka 1913 viwanda vyote viwili vilirudi kazini, tafuta tena. Heller 10 nyeupe zenye tundu ni rahisi zaidi: 1908, 1909, 1910 na 1914 zote ni J, na 1911 ni A. Hapo mwaka na herufi ni kitu kimoja. Akikuletea mtu heller 10 ya 1911 yenye J, mwulize ameipata wapi, kisha usinunue.

Nusu heller, kale kadogo kuliko zote, ndiko katakakokutoa jasho. Ya 1904 ni A. Ya 1905 ni A au J. Ya 1906 ni J tu, nayo ni adimu kwelikweli: zilitengenezwa 6,000, wakati nusu heller za mwaka uliotangulia zilikuwa za mamilioni. Basi hapo unachopigania ni tarakimu ya mwisho, kama ni 5 au 6, na herufi haina neno. Mtu anayeisaka J kwa lenzi huku hajajiridhisha na ile 6 anahangaika bure, kwa sababu J ya 1905 zipo tele.

Rupia nazo zina mwaka wa kuangalia. J za 1905 zilifika milioni moja, A za mwaka huohuo zilikuwa laki tatu. Tofauti hiyo ina maana kwa mkusanyaji. Lakini rupia iliyolika mpaka kofia ya Kaiser imekuwa bapa haipandi sana kwa sababu ya herufi. Inabaki na thamani ya fedha iliyomo: rupia nzima ina gramu 11.66, na karibu sehemu 92 kati ya 100 ni fedha halisi. Mpelekee sonara mwenye mizani ya gramu aipime mbele yako. Ikiwa nyepesi kupita kiasi na haijachakaa hivyo, ishuku. Ikinaswa na sumaku, irudishe ilikotoka, maana fedha hainaswi.

Mkononi utahitaji vitu vichache, na vyote vinapatikana Mkula. Tochi ya simu: usiimulike sarafu kutoka juu, ilaze tochi mezani ili mwanga upite juu ya uso wa sarafu kwa ubavu. Kisha izungushe sarafu polepole, usiizungushe tochi. Kuna pembe ambayo kivuli kitajitokeza, na ukiipita kidogo tu kinapotea, kwa hiyo fanya bila haraka na usiku ni bora kuliko mchana. Piga picha kwenye pembe hiyo, kisha ivute picha iwe kubwa. Simu ya kawaida ya siku hizi inaona kuliko macho yangu. Mwenye lenzi ya fundi saa atumie hiyo.

Usitegemee kuona herufi iliyosimama. Kwenye sarafu iliyolika, kinachobaki mara nyingi ni doa linalong'aa tofauti na sehemu iliyo kando yake. Hapo soma umbo. A ina miguu iliyopanuka chini na ncha juu, kwa hiyo doa lake ni pana chini. J ni nyembamba na chini yake inapinda. H ni ya mraba, na KN ni ndefu kwenda pembeni, karibu mara mbili ya H. Hapo kuna mtego mmoja: KN iliyolika upande mmoja hubakiza K peke yake au N peke yake, na N iliyolegea ikichanganyika na uchafu inafanana na H. Pima nafasi. Kama alama haikukaa katikati ya sehemu yake, imeelemea upande mmoja, nusu nyingine huenda ilikuwepo ikafa. SA nayo inaweza kukufanyia hivyohivyo, ila hiyo mwaka utakusaidia, maana inaangukia miaka ya vita na muda mfupi baada yake. Ukiona herufi mbili kwenye senti 1 ya 1924, haiwezi kuwa Pretoria. Mwaka huo kuna zisizo na herufi, zenye H na zenye KN, basi.

Tazama pia ukingo. Vidole na mifuko hula kwanza vilivyosimama juu: shavu la mfalme, kofia ya Kaiser, kifua cha simba. Herufi ya kiwanda ilichongwa ndogo na ya chini, hivyo ukingo ukiwa bado umesimama unailinda. Sarafu yenye uso uliokufa na ukingo mzima ina matumaini. Sarafu ambayo ukingo umelainika ukaungana na uso haina, hata ukeshe nayo.

Mtaniuliza habari za 1936, maana kila ninapogusa sarafu kuna anayeniletea ya 1936 akitetemeka. Mwaka huo mfalme Edward wa Nane alikaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja, kisha Desemba akaacha ufalme ili amwoe Wallis Simpson, Mmarekani aliyekuwa ametalikiwa. Kule kwake Uingereza sarafu zenye jina lake hazikuwahi kutolewa kwa matumizi ya watu. Za kwetu za senti 5 na senti 10 zilitolewa, kwa sababu zina tundu na hazikuhitaji kusubiri sura yake. Zipo za aina tatu: zisizo na herufi, zenye H na zenye KN. Hadithi ni tamu, lakini zilitengenezwa kwa wingi mno, na iliyolika hainunui hata kuku. Zikusanye aina zote tatu kwa raha yako. Ni somo zuri la kuzoeza macho kuitofautisha H na KN kabla hujaanza na zile ngumu.

Shilingi zenye simba nazo ziangalie kwa mwaka kwanza. Kuanzia 1921 mpaka 1946 zina fedha kidogo, robo tu. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Fundi wa pete akikupa bei ileile kwa zote mbili, ama amekudhulumu kwenye za kwanza ama amejidhulumu kwenye za pili, na mimi sijawahi kuona fundi akijidhulumu.

Na sasa herufi ninayoipenda kuliko zote, wadogo zangu, kwa sababu ndiyo pekee miongoni mwa hizi iliyozaliwa kwenye ardhi yetu. Ni T. Tabora.

Vita vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Waingereza waliifunga bahari. Sarafu kutoka Hamburg hazikufika tena, na askari pamoja na wapagazi walitakiwa kulipwa. Wajerumani walichapa noti za dharura, lakini watu waliipenda sarafu kuliko karatasi, na nani angewalaumu? Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912, ikiwa na mafundi na mashine zake. Mwaka 1916 karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Walitengeneza heller 5 za shaba ya njano, heller 20 za shaba ya njano na za shaba nyekundu, na hata dhahabu: sarafu ya rupia 15 yenye tembo na mlima nyuma yake. Dhahabu ilitoka Sekenke, Iramba, upande wa kusini wa Meatu. Shaba ya njano ilitoka, miongoni mwa kwingine, kwenye maganda ya risasi na mizinga. Septemba 1916 Wabelgiji walipoiteka Tabora, kazi ilikuwa imekwisha.

Kwa kuwa zilitengenezwa kwa haraka na kwa mihuri iliyochongwa hapohapo, zinatofautiana zenyewe kwa zenyewe, na hapo ndipo raha ilipo. Kwenye heller 20 taji lina aina mbili, kubwa na dogo. Upande wa pili, tazama herufi L mbili za neno HELLER: ncha za miguu yao zinaweza kuwa zimechongoka zote mbili, au ya pili tu imejikunja, au zote zimejikunja. Changanya hayo na aina mbili za shaba utaona kwa nini wakusanyaji hawachoki nazo. Kwenye heller 5 tazama chini ya taji, kitako chake ama kimenyooka ama kimepinda kama yai.

Kwa sarafu iliyolika, taji ndilo la kuanza nalo kwa sababu ni kubwa. Ncha za L hupotea mapema. Kuhusu shaba, zote mbili zikizeeka huwa nyeusi na wengi hushika kisu wazikwangue. Acha kisu. Tazama mahali palipokwaruzika zamani, au kwenye ukingo ambapo mikono imepasafisha kwa miaka: njano hubaki njano, nyekundu hubaki nyekundu. Heller 20 za shaba nyekundu ni chache kuliko za njano. Ile ya dhahabu sitakudanganya kwamba imo kwenye kopo la Kimbo. Zilikuwa elfu kumi na sita na ushee tu, na bandia zake ni nyingi.

Barua ya pili imetoka Bariadi mjini, kwa kijana anayesema kuna "wawekezaji" wanaotafuta rupia ya Mjerumani. Wanataka ile inayovuta mchele au yenye zebaki ndani. Watatoa mamilioni, ila kwanza alipie "mtambo wa kupimia". Mdogo wangu, fedha haivuti mchele. Rupia haina zebaki. Ni kipande cha fedha na shaba kilichogongwa muhuri, hakina tumbo la kuficha kitu. Mnunuzi wa kweli hulipa, hatozi. Akikuomba hata shilingi elfu tano ya "fomu", ondoka, na kama ameshachukua kwa jirani yako, nendeni polisi pamoja. Na wale wanaochimba sakafu za majengo ya zamani wakitafuta sanduku la Mjerumani, mashimo yao nimeyaona. Sanduku sijaliona.

Uongo mwingine wa hila zaidi ni wa kubandika au kuchonga herufi. Wamarekani wanaujua vizuri. Senti zao 10 za mwaka 1916 zenye D ya kiwanda cha Denver zilikuwa 264,000 tu, kwa hiyo walaghai wamekuwa wakibandika D kwenye zile za kawaida kwa vizazi. Kwetu ujanja huu hauna faida kubwa bado, lakini akili ni ileile: uso wote ukiwa umelika na herufi peke yake imesimama kali, herufi hiyo imekuja jana. Uchakavu hauchagui.

Kwa dada yetu wa Maskati aliyeuliza kwa kifupi kuhusu riale ya Maria Theresa ya mama mkwe: nami nakujibu kwa kifupi. Mwaka 1780 ulioandikwa humo haukuambii lolote, kwa sababu sarafu hiyo iliendelea kutengenezwa kwa mwaka uleule katika viwanda vya Vienna, Roma, London, Bombay na kwingine mpaka karne ya 20. Herufi S.F. zilizo chini ya sura ya Maria Theresa si jina la kiwanda, ni za maofisa wawili wa kiwanda cha Günzburg, Schöbl na Faby, na zilinakiliwa kila mahali. Wanaozitofautisha huhesabu lulu za kifungo chake na manyoya ya mkia wa tai. Piga picha ya kifungo peke yake, kwa karibu, unitumie.

Turudi Mkula tumalize. Mdogo wangu, kopo lako halitakujengea nyumba. Sehemu kubwa ni senti za kahawia, na heller za 1907 peke yake zilitengenezwa zaidi ya milioni 17, kwa hiyo usiuze ng'ombe kwa matumaini yake. Ila rupia usizitoe kabla ya mizani ya sonara, nusu heller zitenge zote uzisome mwaka taratibu, na zilizotobolewa kwa mkono ili zivaliwe shingoni zisikudanganye kuwa ni za tundu la kiwanda. Hizo bei yake imeshuka, lakini kama bibi alizivaa, mimi nisingeziuza. Andika kwenye daftari lilelile jina la bibi, kijiji chake, na alizipataje kama kuna anayekumbuka, kwa sababu sarafu yenye habari zake inasikilizwa kuliko isiyo nazo, na wazee wanaokumbuka hawatungoji.

Wengine wenye makopo yao, nileteeni picha za pande zote mbili, mwanga wa ubavu, na uzito kama mmepima. Msitume zilizosuguliwa. Na mwenye heller 20 ya 1916 yenye T, asimpe mtu yeyote, hata mjomba, kabla hajaniandikia.